Mali ya Yassini

SEHEMU YA SITA

Kama ulikosa gazeti la wiki jana, hukukosa jambo la kukufurahisha. Mvua ilipita kwenye bati langu hapa Vulamba, Butembo, ikalilowesha sanduku la ngozi nililolitoa Beni kwa marehemu baba yangu. Kuvu ikaota juu yake, kisha ikahamia kwenye vitenge ninavyouza sokoni. Nikalibeba mpaka mtaa wa Mususa kwa fundi Zorobabel, yule anayeshona viatu na viti vya pikipiki, anitengenezee mkanda na kufuli, nikawaacha kwenye swali aliloniuliza.

Na walioanza nami tangu sehemu ya kwanza wanajua kuna mtu ambaye kila wiki nampita pembeni. Ni Yassini, ndugu yangu wa baba mmoja. Miaka mitatu sasa hajala kwangu wala mimi sijala kwake.

Mimi ni Sikitu. Kwa wiki tano nimewaeleza mabaya niliyotendewa na watu, na mmenihurumia, wengine mkanipigia simu. Leo naeleza niliyotenda mimi. Simu leo mnaweza kuziacha.

Basi fundi Zorobabel alilizunguka sanduku mara mbili. Akainama, akalinusa. Akaniangalia kama daktari anavyomwangalia mzazi aliyechelewa kuleta mtoto.

"Mama, uliipakaka nini?"

"Cirage ya viatu. Na mafuta ya mawese, kidogo."

"Kidogo?"

"Kila mwezi."

Alifunga macho. "Ngozi inapumua, mama. Cirage inaiziba pua. Na mawese iko chakula. Kuvu inakula, mende inakula, kisha panya nayo inakuja kuuliza fasi yake."

Nilimwambia yaliyopita yamepita, yeye alipige rangi nyeusi ya kung'aa, lifanane na jipya. Nikalinyanyua upande mmoja nilivute juani likauke wakati tunaongea. Alinishika mkono, mzee wa watu, na hatufahamiani.

"Hapana jua, mama. Jua itaivuta, itapasuka kwenye misumari yote. Weka kwa kivuli, juu ya matofali. Na rangi, tafuta fundi mwingine. Mi hapana fanya upya. Mi nachunga yenye kubakia."

Ningeondoka pale pale, maana sipendi kufokewa na mtu ninayemletea kazi. Lakini akauliza lile swali ambalo wiki jana niliwaacha nalo.

"Mais hii mali ilikuwaka ya nani?"

"Mali gani? Mi sina mali, fundi. Niko mujane mwenye kuuzisha bikwembe."

Alicheka. Akapiga kifuniko kwa kiganja. "Mali hii. Iko mbele yako."

"Hii iko sanduku."

"Sanduku iko ya mbao tu, ya kukaa nyumbani. Ikivaa ngozi, ikafungwa mikaba, ikawa ya safari, Bafaransa banaiita malle. Bazee betu bakasema mali. Hata ma-chauffeur, kule nyuma ya gari fasi ya kutia mizigo, banaita mali. Ulikuwa haujasikia?"

"Papa alikuwaka chauffeur," nikasema. Nikasikia sauti yangu ikitoka mbali.

"Ah, basi. Yeye alikuwa anaiita namna gani?"

Nilikaa chini juu ya rundo la soli za viatu. Fundi akadhani ni presha, akanitafutia maji.

Haikuwa presha. Lilikuwa neno moja la baba yangu ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, wala nyinyi.

Baba yangu, Ramazani, aliendesha malori kati ya Beni na Butembo tangu barabara ikiwa matope matupu. Kiharusi kilimwangusha, na nusu ya mdomo wake ilikufa kabla yake. Nilitoka Butembo kwenda kumuuguza. Ijumaa moja mchana, wengine wako msikitini, nikabaki naye peke yangu.

Akanishika kidole. Akajitahidi mpaka jasho likamtoka.

"Mali," akasema. "Mupe Yassini."

Nilipaswa kuuliza neno moja tu: mali gani? Mtoto wa darasa la kwanza angeuliza. Sikuuliza kwa sababu nilidhani nimeelewa, na nilichoelewa kilinichoma. Nyumba, lori, kiwanja, kila kitu kwa mtoto wa mke wa pili. Nikamwambia, "Ndiyo, Papa." Jumapili akafariki.

Sikumwambia mtu. Nilijificha nyuma ya dini. Nilisema sheria yetu hairuhusu mzazi kumwachia mrithi mmoja kila kitu, kwa hiyo neno la Baba halina kazi, kwa hiyo kulinyamazia si dhambi. Sheikh hakuniuliza, nami sikumuuliza sheikh.

Baada ya arobaini tukagawana kwa sheria. Kila mtu akachukua chake, Yassini naye akachukua chake, hakunung'unika. Watu walikuwa wanavaa viatu kuondoka aliponigeukia mimi, dada yake mkubwa, akasema:

"Yaya, mi naomba tu ile sanduku."

Damu ilinipanda. Nikasema moyoni, huyu anajua. Baba alimwambia. Leo anaanza na sanduku, kesho atadai na nyumba. Hata kule kuomba "sanduku" tu niliona ni ujanja. Kumbe aliliita hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuwa naliita mimi, na alitaka nimwelewe.

Nikasimama mbele ya wazee wote.

"Ile sanduku iko ya mama yangu. Mama yako alikuja hapa mikono mitupu, na alitoka mikono mitupu."

Yassini aliinama kwenye viatu vyake. Alivaa kiatu kimoja, cha pili kikakataa kuingia. Akakishika mkononi na kutoka nacho hivyo hivyo.

Sasa nawaambia huyo mama alikuwa nani, mnipime vizuri. Aliitwa Katungu, Mnande wa Mangina, mtoto wa watu wa kanisa. Alipoolewa na Muislamu, kwao walimfungia mlango. Alikaa na Baba miaka minane, wakaachana, akarudi Mangina kwa aibu ya pande mbili. Mtoto akabaki kwa baba yake Beni.

Mwaka 2018, ule ugonjwa wa Ebola ulipoanzia Mangina, Katungu alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Yassini aliona maziko kwa mbali, nyuma ya kamba. Walioshika mwili walikuwa wamevaa mavazi ya kufunika mpaka macho. Godoro, nguo, picha, vyote vilichomwa, kama ilivyobidi siku zile. Hakubaki hata na kijiko cha mama yake.

Niliyajua hayo yote siku niliposema mikono mitupu.

Fundi aliniambia nirudi baada ya siku nne. Siku nne hizo nilijifariji sana. Nilisema labda Baba kweli alitaka kusema mali ya nyumba. Nilisema madereva wangapi wanaliita sanduku "mali", na kwa nini mimi sikuwahi kusikia nyumbani? Jibu lilikuwa rahisi. Niliolewa nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaja Butembo. Lugha ya nyumba ya Baba ilikua bila mimi.

Niliporudi Mususa sikulitambua. Zorobabel alikuwa amekwangua cirage yangu kwa kijiti cha mbao, kidogo kidogo, kisha akasugua kwa mswaki mkavu na kitambaa. Weusi wote ulikuwa umeondoka. Chini yake kulikuwa na ngozi nyekundu, na pale mikanda ilipokuwa imeficha, manyoya mafupi ya ng'ombe yalikuwa bado yamelala.

Alikuwa amefurahi kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

"Hii haikutoka Bulaya, mama. Ilitengenezwaka huku kwetu, wakati ya Babeleji. Mbao iko muvula. Ngozi ilivutwa ikiwa mubichi, ikakaukia mu fasi. Ona misumari ya pembeni: hakuna mbili zenye kufanana, zilipigwa kwa mukono, na shimo zake ziko za pembe ine. Aliyeifanya alikuwa seremala, haikuwa mushona ngozi. Nyuzi zake zinapotea njia."

"Seremala," nikasema. Babu yake Katungu alikuwa seremala wa kanisa Mangina. Hilo nalo nililijua.

"Mais kuna kintu ingine. Kuja karibu."

Akachukua chaki, akaisaga kwenye kiganja, akaimwaga juu ya kifuniko. Akaipangusa taratibu kwa kitambaa. Unga wote ukaondoka, ila vidoti vyeupe vikabaki vimeshika kwenye ngozi, vingi, kwa mistari.

"Hizi shimo ziko za mviringo," akasema. "Misumari ya duka, ile ya kichwa ya njano. Donc mali iko ya zamani kupita jina. Ilikaaka miaka mingi bila jina, kisha siku moja bakaipa binti mwenye kuenda kuolewa, bakaandika jina yake. Nyuma mutu akaingoa misumari yote. Cirage yako ikaziba shimo. Soma, mama."

Nilisoma. K. A. T. Sikuhitaji kuendelea, lakini niliendelea mpaka mwisho, herufi saba.

KATUNGU.

Kumbe si wote kwao waliomfungia mlango. Mtu fulani alimpa sanduku la babu, akakaa akampigilia jina, ili aende kwa mume akiwa na kitu chake. Mimi nilimwambia mtoto wake mikono mitupu. Na kila mwezi, kwa mkono huu, nikalifukia lile jina.

"Nani aliingoa hiyo misumari?" fundi akauliza.

Mama yangu mzazi alikuwa na kiti chake cha kukalia jikoni. Mto wake ulizungukwa na misumari ya vichwa vya njano, mingi kuliko kiti kile kilivyohitaji. Mama naye ameshatangulia. Nilimwambia fundi kwamba sijui.

"Niko na misumari ingine kama ile. Nirudishie jina?"

"Hapana. Mwenyewe njo atasema."

Alilipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe, kidogo sana, kwa kidole, akikwepa jina. Akanipa masharti. Mara moja kwa mwaka inatosha. Lisikae chini wala lisiegemee ukuta. Kufuli alililegeza kwa tone la petroli kwenye chuma, ngozi ameifunika. Mkanda mpya aliushona wa ngozi, akasema wa nailoni ungelikata.

Nikalirudisha nyumbani. Na hapa nakiri jambo dogo: nilikaa nalo siku mbili. Hakuna aliyejua. Fundi alijua jina tu, hakujua hadithi. Baba hayupo, mama yangu hayupo, Katungu hayupo. Ningelifunika kwa kitenge na maisha yakaendelea.

Nilimpigia Yassini simu mara tano. Hakupokea. Mara ya tano nilifurahi kwamba hakupokea, na nilipojiona nimefurahi, nilijiogopa. Asubuhi nikachukua taksi ya Beni.

Dereva alifungua nyuma ya gari, akaangalia nafasi, akaangalia mzigo wangu.

"Mama, hii mali njo tunatia mu mali?"

Abiria wakacheka. Mimi nililia kutoka hapo mpaka tulipofika, na yule mama wa jirani yangu akanipa leso akidhani nakwenda kwenye matanga.

Yassini ni kwado, yaani mtu wa kuziba matairi, kando ya barabara pale Beni. Nilimkuta amezamisha tyubu kwenye beseni, anatafuta pumzi inapotokea. Amepata mvi. Ana miaka thelathini na minne na amepata mvi.

Aliinua macho, akaniona. Akayarudisha kwenye maji.

"Salaam alaykum," nikasema.

"Wa alaykum salaam, yaya." Salamu ya Mungu huwezi kuikataa.

Dereva akanishushia sanduku mbele yake. Yassini aliangalia lile sanduku kwa muda mrefu. Alikausha mikono kwenye suruali, mbele, kisha nyuma, halafu hakuligusa.

"Juu ya nini unaileta leo?" akauliza.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Butembo, yenye adabu na sababu zake. Yote yalipotea.

"Papa alisemaka nikupe," nikasema. "Siku mbili mbele ya kufa. Alisema, 'Mali, mupe Yassini.' Mi nilisikia mali ya nyumba, mali ya lori. Nikafunga kinywa. Hakuna mutu nilimwambiaka."

Akaangalia maji. Tyubu ilielea kwenye beseni, ikitoa viputo.

"Alinitaja?"

"Alikutaja."

"Alisema Yassini? Na ile mudomo yake ya upande moja?"

"Alisema Yassini. Jasho ilimutoka."

Akakaa juu ya tairi. Akakaa kama mzee.

"Yaya. Miaka tatu namuombea dua, na kila mara kintu inanichoma, nasema huyu muzee alikufa hata hakuniwaza. Mi njo nilikuwa namugeuza kitandani, kabla weye haujafika. Akafa ile Jumapili mi niko musikitini, kwa sala ya alfajiri. Hata neno moja hakuniachia. Na weye ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

"Ukaniachaka hivyo?"

"Nilikuachaka hivyo. Niliona utachukua nyumba, utatufukuza."

Alitoa kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mali. Kila siku alikuwa anasema, Yassini, funga mali, mvua inakuja. Yassini, pangusa mali. Mutoto yote wa ile parcelle, ile nyumba yetu, alijua. Mais weye haukukuwa pale."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini neno lile la mikono mitupu lilisemwa mbele ya watu, nikasema lazima lirudi.

"Na ile niliongeaka juu ya mama yako mbele ya bazee. Nilisema bongo, haikuwa kweli. Alikuja na kintu yake. Angalia hapa juu."

Chaki ilikuwa bado imeshika kwenye matundu. Yassini akapiga magoti. Hakusoma kwa macho, alisoma kwa kidole, tundu moja baada ya lingine, polepole, midomo ikitamka. Alipofika kwenye herufi ya mwisho kidole kilibaki pale. Motari mmoja, mbeba abiria wa pikipiki, akaja na tairi lililopasuka, akatusalimia, akatuona, akaondoka na tairi lake.

"Sikujua kama iko na jina," Yassini akasema. "Nilikuwa sijajua kusoma."

Alikuwa analia, nami nalia. Nilidhani yamekwisha. Nilidhani, Sikitu, umekuja, umesema, umelipa, sasa mtu akupe kiti.

"Acha nifungue kwanza," akasema.

Akafungua mkanda mpya wa Zorobabel. Akainua kifuniko. Akainama mpaka kichwa chote kikaingia ndani, namna mtu mzima hawezi kuinama mbele ya watu bila sababu. Akakaa humo. Kisha kichwa kikatoka taratibu, akatazama ndani tena, pembe zote nne.

"Yaya, ile kikwembe iko wapi?"

"Kikwembe gani?"

"Ya ndani. Mama alifunikaka mbao yote ya ndani na kikwembe. Ya manjano, na bandege badogo ba bluu. Njo ile alikuwa ananibebea mugongoni. Siku alienda, alitaka kuitosha mule ndani, aitoe aende nayo. Papa akamuomba, akasema acha, mutoto atabaki na nini? Basi akaiacha. Mi nilikuwa nafungua mali, naingiza kichwa hivi, nalala."

Alisema hivyo bila hasira, kama anayenielekeza njia.

Kumbe hakuomba sanduku kwa ajili ya ngozi, wala mbao, wala kufuli. Jina hakujua hata kama lipo. Aliomba kile kitambaa. Kila alichogusa mama yake kilichomwa Mangina, isipokuwa hicho.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili sijamwambia hata binti yangu.

Wiki ile ile nilipolifikisha sanduku Vulamba, niliking'oa kile kitambaa kwa kisu. Kilikuwa kimepauka na kinanuka uzee, ndege hata hawakuonekana sawasawa. Mimi nauza vitenge vipya, jicho langu halina huruma na kilichopauka. Nikakikata vipande vitatu. Kimoja kilipangusa sakafu mpaka kikaisha. Cha pili kilishika sufuria za moto. Cha tatu niliziba nacho dirisha la choo, na siku moja upepo ukakichukua.

Yassini alikuwa ananingoja. Macho yake yalikuwa bado na machozi ya jina.

Siku hiyo nilikuwa nimekwisha kukiri mawili makubwa, na nilikuwa nimetumia nguvu zote. La tatu lilinikuta mtupu. Sijitetei. Nawaambia tu lilivyotoka.

"Papa njo aliitosha mule ndani," nikasema.

"Papa?"

"Yeye mwenyewe. Mbele ya kugonjwa."

Ndugu zangu, uso wa Yassini ulifunguka. Miaka yote nimemjua, tangu nilipomshika mchanga, sijamwona na uso ule.

"Donc alibakia nayo," akasema. "Yaya, unaelewa? Alimuachaka mama, mais akatosha kikwembe yake, akaichunga fasi yake mwenyewe. Mutu hawezi kufanya vile kama hamupendi tena."

Nilitikisa kichwa kukubali. Shingo yangu ilifanya hivyo.

Alisimama, akazunguka beseni, akarudi. Alijifuta uso kwa mkono wenye grisi, akapata alama nyeusi shavuni. Alianza kutafuta kitu mfukoni.

"Jamali njo alimuosha Papa alipokufa. Yeye njo alikusanya nguo zake zote za kutoa sadaka. Kama haikuwa kati ya nguo, labda alimuweka nayo mu kaburi. Jamali atajua."

Jamali ndiye anayeosha maiti zetu pale mtaani. Hasahau. Ukimuuliza nguo aliyoivua kwa babu wa mtu miaka ishirini nyuma, atakwambia na rangi ya vifungo.

"Acha tu, Yassini," nikasema. "Usimusumbue muzee."

"Hapana kumusumbua, yaya. Ni neno moja."

Alipiga. Aliweka simu ikawa na sauti ya nje, tusikie wote, akaiweka juu ya kifuniko cha sanduku. Iliita mara mbili, na Jamali akapokea.

Mnajua salamu zetu Waislamu wa Beni. Mtu haingii kwenye shida yake moja kwa moja. Wakaulizana nyumbani. Wakaulizana mke, watoto mmoja mmoja kwa majina, mguu wa Jamali ulioteguka kwenye mfereji, mvua, usalama wa barabara ya Mangina, mihogo. Kila habari ilipojibiwa nilijiambia, hii ikiisha nasema. Ikaisha, nikajiambia inayofuata.

Yassini alinitazama akitabasamu. Akaniashiria nisogee karibu nisikie vizuri, nikasogea.

Kisha sauti ya Jamali ikasema, "Alhamdulillahi, batu yote bako muzuri. Sema basi, mwanangu, ulikuwa unatafuta nini?"